Kikombe cha Cucu na Damu ya Panya

Cucu wangu ana vikombe viwili. Kimoja ni cha bati, cha chai. Kingine ni cha plastiki, cha manjano, mkono wake ulivunjika zamani, na hicho hakuna mtu hukigusa. Ndani yake huwa kuna maji meusi ya gome la muthiga na mizizi ya mukawa, yaliyochemshwa mpaka jikoni kote kunawasha kama pilipili. Ukimuuliza ni ya nini, anakujibu kwa neno moja tu: damu. Inasafisha damu, inaongeza damu. Mengine utajijazia.

Mwaka juzi alianza kuishiwa na pumzi akipanda kale ka-mlima ka kutoka stage hadi nyumbani. Tukampeleka kupimwa mjini Nyeri. Akadungwa, akatolewa damu, tukangoja kwa benchi, karatasi ikatoka: hemoglobini nane na kitu. Iko chini. Daktari, msichana wa rika langu, akamwandikia tembe za madini ya chuma, kisha akauliza kwa heshima, "Cucu, kuna dawa nyingine unatumia?"

Cucu akaangalia ukuta. "Hakuna."

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nilijua kuna kikombe cha manjano. Nikanyamaza pia.

Hiyo "hakuna" imenifuata hadi leo. Nilipoanza kuifuatilia nikagundua kwamba imemzidi cucu umri.

*

Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya uchawi mwaka wa 1925. Kwenye karatasi ililenga wachawi. Lakini mzungu wa boma angemtofautisha vipi mchawi na mundu mugo, yule mganga aliyetibu na kutakasa? Wote walibeba vibuyu, wote walizungumza na vitu visivyoonekana. Huku nyuma misheni zilikuwa zimeshaingia: Wakatoliki wa Consolata walifika nchini mwaka wa 1902 na kujenga kituo chao Mathari, Nyeri, Waskoti nao wakajenga Tumutumu, karibu na Karatina. Huko ulipata shule, kanisa na zahanati ndani ya ua mmoja. Aliyetaka kubatizwa alielewa haraka kwamba kuna mambo hayasemwi mbele ya daktari, kwa sababu daktari na mhubiri walikula meza moja.

Jomo Kenyatta alipochapisha kitabu chake kuhusu Wagikuyu mwaka wa 1938, alitenga sura nzima kwa uganga na tiba. Huko London hayo yalikuwa elimu. Huku kijijini yalikuwa siri.

Halafu ikaja Hali ya Hatari. Ilitangazwa Oktoba 1952, na mapema mwaka uliofuata misitu ya Mlima Kenya na Aberdare ikafanywa eneo lisiloruhusiwa. Ukionekana ndani unaweza kupigwa risasi. Kuanzia 1954 watu walihamishwa kwa nguvu wakarundikwa kwenye vijiji vyenye mitaro na walinzi. Tunaposimulia miaka hiyo tunataja mashamba, kambi na vifo, na ni haki. Ila fikiria pia mama aliyezoea kuingia msituni asubuhi na kutoka na gome la mtoto mwenye kifua. Mlango wa duka lake la dawa ulifungwa na bunduki. Cucu alikuwa msichana mdogo wakati huo. Anasema mamake alipanda mukawa kwenye ua, akijifanya anazuia mbuzi.

Kwa hivyo kikombe cha manjano kimepitia mengi. Kimejifunza kukaa kimya.

*

Mwaka huo huo wa 1952, mbali sana na Nyeri, bahasha ilifika Canada. Ndani yake kulikuwa na majani 25 ya mmea mdogo wenye maua ya waridi. Kama umewahi kutembea Mombasa umeuona: unaota kando ya njia na kwenye makopo ya rangi yaliyogeuzwa vyungu. Asili yake ni Madagaska, na wanasayansi huuita Catharanthus roseus. Daktari mmoja wa Jamaica ndiye aliyeutuma, akieleza kwamba watu wa huko hunywa chai ya majani hayo kutibu kisukari.

Aliyepokea bahasha ni Clark Noble, daktari ambaye mwaka wa 1921 alipoteza bahati kwa kurushiwa sarafu: yeye na mwenzake Charles Best walitupa ichaguliwe nani aanze kumsaidia Frederick Banting kwenye utafiti uliozaa insulini. Best akashinda, jina lake likaingia vitabuni. Miaka thelathini baadaye Noble anapata dawa nyingine ya kisukari kwa posta, naye anampelekea ndugu yake, Robert Noble, aliyekuwa na maabara katika Chuo Kikuu cha Western Ontario.

Robert akafanya kile mtafiti yeyote angefanya. Alichemsha majani, akachuja, akawanywesha panya, akapima sukari. Hakuna kitu. Sukari haikushuka.

Hadithi nyingi za mitishamba huishia hapo. Ila walijaribu njia nyingine, wakawadunga panya hao maji ya mmea moja kwa moja kwenye mshipa. Sukari bado haikushuka, lakini panya walianza kufa. Walikufa ndani ya wiki moja hivi, miili imejaa usaha, wamezidiwa na bakteria ambao panya mzima huishi nao bila shida.

Mtu mwingine angesema dawa ni sumu, tupa. Wao wakauliza swali bora: kwa nini panya hawa wameshindwa kujikinga? Wakahesabu damu. Chembe nyeupe, zile askari za mwili, zilikuwa zimeporomoka. Wakafungua mifupa, na uboho, ambao ndio kiwanda cha damu, ulikuwa umekauka shughuli.

Hapo ndipo akili ilipogeuka. Kama kuna kitu kinachozima chembe nyeupe kwa nguvu hivyo, kitafanya nini kwa mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe zimepotoka na zinazaana bila breki? Yaani mgonjwa wa saratani ya damu? Mkemia Charles Beer aliungana nao mwaka wa 1954, akachambua majani mpaka akapata kiini chenyewe. Kufikia 1958 walikuwa wametangaza vinblastini. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, iliyokuwa ikiuchunguza mmea ule ule kwa njia yake, ikapata ndugu yake, vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1963. Kazi yao ni moja: kuzuia seli isigawanyike. Seli ya saratani hugawanyika haraka, basi huumia zaidi.

Nimeisoma hadithi hii mara nyingi na kila mara inanishika mahali pamoja. Kilichoua panya ndicho kilichokuja kuokoa watoto. Ni nguvu ile ile. Kilichobadilika ni kipimo, mgonjwa, na kwamba kuna mtu alihesabu. Sasa nikisikia kwa redio ati dawa ya miti shamba haina madhara kwa sababu ni ya asili, huwa nawakumbuka wale panya. Dawa isiyoweza kudhuru chochote, mara nyingi haiwezi kutibu chochote pia.

*

Dawa ile ilirudi Afrika, na haikukawia. Kampala, katika Hospitali ya Mulago, kulikuwa na daktari wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt. Mwaka wa 1958 alichapisha maelezo ya uvimbe wa ajabu wa taya uliowaua watoto. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka maelfu ya kilomita, hospitali hadi hospitali, wakiuliza: mtoto wa aina hii mmemwona hapa? Ramani iliyotoka ilionyesha kitu cha kushangaza. Karibu na ikweta ugonjwa ulionekana sana mabondeni na pwani, lakini ukishapanda juu ya mita 1,500 hivi, unatoweka. Nyanda za juu, sehemu kama Nyeri, zilikuwa shimo jeupe kwenye ramani. Baadaye ilieleweka kwamba malaria ina mkono wake katika jambo hilo, na mbu wa malaria hapendi baridi yetu.

Watoto hao wa Uganda walikuwa kati ya watu wa kwanza Afrika kudungwa vinkristini. Burkitt alichapisha matokeo mwaka wa 1966, na uvimbe wa baadhi yao ulikuwa umeyeyuka. Mpaka leo dawa hiyo iko kwenye matibabu ya saratani za watoto Afrika Mashariki. Mtoto akilazwa wadi ya saratani Nairobi, huenda kwenye ile dripu kuna siri ya ua la kando ya njia.

Mlima wetu nao ulishachangia, ingawa hatuambiwi sana. Gome la muiri, ule mti mkubwa wa Mlima Kenya ambao wanasayansi huuita Prunus africana, lilipewa hataza Ufaransa mwaka wa 1966 kama dawa ya wazee wenye tezi dume iliyovimba. Miongo iliyofuata magome yalibebwa kwa tani kutoka Kamerun, Madagaska na Kenya hadi Ulaya. Mti ukichunwa gome pande zote hukauka umesimama. Ilibidi mwaka wa 1994 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zikubaliane kudhibiti biashara yake. Wazee wa Ulaya walikojoa vizuri. Mzee wa Chogoria aliyeujua muiri tangu utotoni, sijaona jina lake kwenye hataza.

*

Siku hizi hatuhitaji bahasha iende Canada. Ingia maktaba ya chuo chochote kikuu nchini chenye idara ya biolojia au famasia, utapata rafu ya tasnifu zenye sura moja: mmea fulani, chembe za damu, panya. Zinachosha kusoma, nakubali. Lakini ukijua zinavyofanya kazi, unaona ni swali la cucu limevaa koti jeupe.

Panya wenyewe ni weupe, wenye macho mekundu, wa ukoo ulioanzishwa na Taasisi ya Wistar kule Philadelphia mwaka wa 1906. Hugawanywa makundi. Kundi moja hupewa maji matupu. Mengine hupewa maji ya mmea kwa vipimo tofauti kulingana na uzito, kila siku, mara nyingi kwa siku 28. Wakati mwingine panya huharibiwa damu kwanza kwa kemikali, fenilihidrazini, inayopasua chembe nyekundu, ndipo mmea ujaribiwe kama utairudisha. Mwishowe damu hutolewa na mashine huhesabu: nyekundu, nyeupe, na zile ndogo za kugandisha.

Lile kundi la maji matupu ndilo roho ya kazi yote. Mfupa wenye afya ukipoteza damu hutengeneza nyingine bila kuombwa. Panya wa fenilihidrazini atapona damu hata ukimnywesha maji ya mfereji. Kama hujamweka pembeni wa kulinganisha naye, utaupigia mmea makofi kwa kazi iliyofanywa na mfupa.

Na hata nambari ikipanda, ngoja kwanza. Chembe nyekundu zimeongezeka? Labda mmea umesaidia kweli. Au labda umemharisha panya, maji yamemtoka mwilini, damu imekuwa nzito kama uji uliosahaulika jikoni. Chembe ni zile zile, maji ndiyo yamepungua. Chembe nyeupe zimepanda? Muuzaji ataandika kwenye chupa "huongeza kinga". Lakini chembe nyeupe hupanda pia wakati mwili umevamiwa au umechokozwa. Askari wakijaa barabarani haimaanishi mji uko salama.

Halafu kuna umbali kati ya panya na mtu. Chembe nyekundu ya mtu huishi siku 120 hivi. Ya panya, nusu ya hiyo. Nyingi kati ya chembe nyeupe za panya ni limfosaiti, zetu nyingi ni nyutrofili. Ongeza na hili la nyumbani: mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mwili unajitengenezea hemoglobini zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka kipimo kirekebishwe kwa watu wa nyanda za juu. Nambari inayopita Mombasa inaweza kuwa upungufu huku kwetu. Hata binadamu na binadamu hawalingani, sembuse panya.

Je, hiyo inafanya tasnifu zile kuwa bure? Hapana. Zinazuia uongo mbaya zaidi, ule wa kuruka moja kwa moja kutoka chungu hadi umati.

Umati tumeuona. Mwaka wa 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alianza kugawa kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania. Kisukari, saratani, Ukimwi, vyote kikombe kimoja. Foleni ya magari ilinyoosha kilomita kadhaa. Wakenya walikodi matatu, wengine walifia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Mmea wenyewe aliuita mugariga. Nilipouona picha nilicheka peke yangu: ni mukawa. Ule ule wa ua wa cucu, tuliokula matunda yake meusi tukitoka shule mpaka ulimi ukawa zambarau.

Mukawa si mmea wa kudharau. Mwaka wa 2006 watafiti, wakiwemo wa KEMRI, walikuwa wameshachapisha kwamba dawa iliyotolewa kwenye mizizi yake ilizuia virusi vya hepesi maabarani na kuwasaidia panya wadogo walioambukizwa. Lakini hepesi si Ukimwi, na panya mdogo si mama wa watoto watatu. Wapo waliorudi kutoka Samunge wakaacha dawa zao za kupunguza makali. Hawa ni watu ambao maisha yao yalitegemea hesabu ya chembe nyeupe, CD4, na hesabu hiyo haishuki siku moja. Unajisikia poa wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Damu inahesabika taratibu, wewe huna habari.

*

Cucu alirudi kupimwa baada ya miezi miwili. Tembe alimeza zote. Mimi mwenyewe nilihesabu. Nambari ilikuwa imesogea kidogo sana. Daktari alimtazama kwa ile macho ya "mama, hujameza". Cucu alimtazama kwa ile macho ya "dawa zenu hazifanyi kazi". Wote wawili wakaniangalia mimi.

Nikasema. "Kuna kikombe."

Nilitegemea ugomvi. Msichana yule aliweka kalamu chini. "Kikombe cha nini? Ni cha uchungu? Unakunywa saa ngapi, cucu?" Cucu akasema muthiga na mukawa, asubuhi, pamoja na tembe, kisha chai ya rangi, nzito, ya huku huku Nyeri. Anatumia kikombe cha manjano kusukumia tembe shingoni.

Daktari akacheka, na si kwa dharau. Akaeleza kwamba magome mengi machungu yana tanini, na majani ya chai pia, na tanini hushikana na madini ya chuma tumboni hata kabla mwili haujayapokea. Tembe inaingia, inatekwa, inatoka ilivyo. "Sijakuambia uache," akasema. "Mizizi yako siijui vizuri, na sitaki kukudanganya. Lakini tenganisha. Tembe asubuhi na maji. Hayo mengine, na chai, ngoja masaa mawili." Akaandika kwenye faili, nikaona, kwa herufi kubwa: MUTHIGA, MUKAWA. Sidhani majina hayo yamewahi kuandikwa mara nyingi kwenye faili za hospitali, katika mji ambao yamekunywewa miaka yote hii.

Safari iliyofuata nambari ilikuwa kumi na moja. Nilitaka kuruka. Kisha nikakumbuka kundi la maji matupu. Cucu ni mmoja tu. Huenda ni kutenganisha, huenda ni muda, huenda ni maini ambayo shangazi alianza kumpikia Jumapili. Hakuna cucu wa pili wa kulinganisha naye, na hata angekuwepo nisingemkubalia mtu amgawe kwa makundi.

Nilimweleza hayo tukiwa kwa matatu, tukirudi. Panya, Canada, yale majani 25, wale waliokufa. Alisikiliza mpaka tukafika stage. Tulipoanza kupanda ka-mlima, bila kusimama kupumua, akaniuliza:

"Na hao panya, kuna mtu aliwauliza kama wanakunywa kitu kingine?"